Nafasi Kati ya Sauti ya Tatu na Besi

Mmeniomba niandike machache kabla sijakiacha kiti changu, kile chenye mguu mmoja ulioliwa na mchwa. Nimeona heri kuandika kuliko kuhutubia, kwa kuwa siku ya kuniaga macho yenu yatakuwa kwenye sufuria la pilau, nami nitabaki nikisema peke yangu. Humu hamtakuta habari za vyeo. Duka letu halijawahi kuwa na vyeo. Mkubwa alikuwa yule aliyekaa karibu na feni, na aliyekaa karibu na feni alikuwa Bwana Rashidi.

Nilitoka kwetu Mkongani nikiwa na cheti cha taipu na viatu vya kuazima, nikaingia Ukunda, dukani kwa Bwana Rashidi, nyuma ya soko. Siku ya kwanza alinionyesha mashine ya fotokopi iliyokuwa na tabia ya kumeza karatasi siku za mvua, akanionyesha taipu, akanionyesha mtungi wa maji, kisha akanipa kanuni moja tu ya kazi.

"Mwanangu Mejumaa," akasema, "hapa utachapa barua za posa, barua za talaka na kesi za mashamba, na mara nyingine zote zitakuwa za mtu mmoja. Soma unachochapa, lakini usikielewe."

Kanuni hiyo ilinifaa hasa nilipopewa nyimbo, maana kwa muda mrefu sikuelewa chochote. Nyimbo zilikuja na Mwalimu Lihanda. Yeye alikuwa mtu wa bara, wa huko magharibi, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Diani. Ualimu wake ulikuwa wa kwaya. Wanakwaya wake walikuwa watu wa hoteli kama yeye: wapishi, wahudumu wa meza, watunza bustani, na sauti zote za besi walikuwa mabawabu wa malango. Sijui kwa nini Mungu aliwapa mabawabu sauti nzito. Labda ndiyo sababu walipewa kazi.

Vijana wa siku hizi hamuijui solfa, kwa hiyo nitaieleza mara moja. Kwaya zetu haziimbi kwa kusoma nota zile za mistari mitano mnazoziona kwenye vitabu vya Wazungu. Zinaimba kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Herufi ikiwa na kijialama juu yake, sauti inapanda ngazi nzima. Ikiwa na kijialama chini yake, sauti inashuka ngazi nzima. Nukta mbili zinapima mwendo. Sauti ya kwanza huandikwa juu, ya pili chini yake, kisha ya tatu, na besi mwisho, na herufi zote za kuimbwa pamoja lazima zisimame wima moja chini ya nyingine. Mtu anayeijua solfa unaweza kumpa karatasi asubuhi, na jioni akakuimbia wimbo ambao hajapata kuusikia duniani. Niliona ni uchawi, na nikaambiwa ni Darasa la Nne.

Kwa taipu kazi hiyo ilikuwa adhabu. Ukikosea nafasi moja tu, sauti ya pili inaingia kabla ya ya kwanza kumaliza. Mwalimu Lihanda alisimama upande wa pili wa kaunta, akinifundisha kwa kunong'ona ili wateja wa barua za talaka wasishtuke.

Mjomba wangu wa Mkongani alisikia habari, akanijia mpaka dukani.

"Nasikia mtoto wa dada yangu anaandika nyimbo za kanisani."

"Shikamoo, mjomba. Naandika d, r, m."

"Marahaba. Na hizo zina maana gani?"

"Wallahi, mjomba, sijui."

Akaitazama karatasi upande huu na upande ule, akaridhika kwamba haina imani yoyote ndani yake, akaomba nauli ya kurudi.

Kompyuta iliingia kwa mlango wa Bwana Helmuti. Huyo alikuwa Mjerumani mstaafu, mpiga kinanda wa kanisa huko kwao, ambaye baridi ya kwao ilipoanza alikuwa akija Diani kujianika. Alisali na watu wa Mwalimu Lihanda, akaona karatasi zetu za taipu, akasikitika. Mwaka uliofuata akaja na kompyuta kuukuu, printa ya kelele na disketi kadhaa, akavikabidhi vyote kwa Mwenyekiti wa kanisa. Mwenyekiti, Bwana Gideoni, alikuwa mnunuzi mkuu wa hoteli, mtu wa kuhesabu mayai. Kanisani hapakuwa na stima, kwa hiyo akavileta dukani kwetu, na tangu siku hiyo akawa anaingia kwa Bwana Rashidi kama mtu anayekagua mali yake.

Ndani ya disketi mlikuwa na programu ya kuchora muziki. Msidhani ni kama hizi zenu za kuburura nota kwa kipanya. Skrini ilikuwa nyeusi. Wimbo uliuandika kwa maandishi matupu, kama barua: herufi ya nota, kisha tarakimu ya urefu wake, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka mwisho, na kila fungu ulilizungushia mabano. Ukimaliza unaiamuru mashine isome. Mashine inakaa kimya kiasi cha mtu kutia chai kikombeni na kuinywa, halafu ama inatoa ukurasa, ama inakwambia kwamba mstari fulani una kosa, na mstari inaoutaja mara zote si ule wenye kosa. Bwana Helmuti aliyejifunza Kiswahili kitabuni alikaa nyuma yangu mikono imefungwa kifuani.

"Mashine haikosei, Mejumaa. Wewe umesahau mabano."

Na kweli, mara zote nilikuwa nimesahau mabano. Alinifundisha kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote aliyewahi kunifundisha kompyuta, na niliumia siku zote alipopanda ndege kurudi kwao.

Ukurasa wa kwanza ulitoka mzuri ajabu. Mistari mitano imenyooka, nota nyeusi zimekaa juu yake na vijiti vyake, kila kitu mahali pake. Mwenyekiti aliufurahia sana akautia kwenye fremu. Wanakwaya walipopewa nakala, waliishika kama watu walioletewa bili ya stima ya jirani. Barasa, bawabu na kiongozi wa besi, mwanamume mpana kama mlango wa ghala, ndiye aliyethubutu kusema.

"Mwalimu, hii ni nzuri sana. Sasa ile ya kuimba iko wapi?"

Ndipo ilipoanza kazi niliyoifanya maisha yangu yote, nayo ni kuizuia mashine isifanye kile ilichotengenezwa kufanya. Programu ilijua kupanga sauti nne zisimame wima pamoja, na hilo ndilo tulilolitaka. Lakini haikukubali kupanga chochote bila kuchora mistari mitano. Basi nikajifunza kuiamuru. Juu ya kila wimbo unaweza kuandika masharti yako: unene wa mistari, sifuri. Vichwa vya nota, visionekane. Vijiti, visionekane. Kisha zile herufi za solfa nikaziandika kama vile ni maneno ya wimbo, zikaning'inia chini ya nota zisizoonekana. Karatasi ikatoka na solfa tupu, imepangika kama meno.

Bwana Helmuti aliiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Umepewa gari, ukaondoa magurudumu," akasema.

"Barabara yetu ni ya mchanga, Bwana Helmuti."

Akafikiri, akavuta kiti. Tukakaa wote wawili siku nzima tukitafuta amri ya kuficha ufunguo, ile alama ya muziki ya mwanzo wa mstari, ambao ulikuwa umebaki peke yake kama kanzu ukutani kwa mtu aliyehama. Masharti yote tuliyoyapata niliyakusanya katika faili moja, nikaliita ukunda, na kila wimbo mpya nilianza kwa kuiambia mashine, soma kwanza ukunda. Hilo ndilo somo langu la kwanza kwenu. Usirekebishe wimbo mmoja mmoja. Andika tabia yako mahali pamoja, kisha wimbo wowote uifuate.

Kuna jambo moja katika faili hilo nililolichukua kuwa dogo. Mistari mitano ilikuwa haionekani, lakini mashine iliendelea kuitengea nafasi. Ilikuwa kama wazee fulani waliokwisha kuacha uongozi, huwaoni vikaoni, lakini kiti chao hakikaliwi. Kwa hiyo kati ya sauti moja na nyingine palibaki weupe mpana. Mimi niliupenda. Mwalimu Lihanda aliupenda zaidi, akisema macho yanapata pa kupumzika. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyeutazama kwa jicho la mnunuzi.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na saba, na sipendi kuuandika. Mliozaliwa huku mmesikia kwa wazazi wenu. Kabla ya ghasia kuzuka pwani kulitupwa vikaratasi visivyo na jina, vikiwaambia watu wa bara waondoke. Maofisa wawili walikuja dukani kuuliza kama vilitolewa kwenye mashine yetu. Bwana Rashidi akaapa kwamba havikutolewa. Wakaridhika, kisha wakamwomba awatolee nakala za kile walichokuja nacho, kwa ajili ya ushahidi. Hivyo ndivyo mashine yetu ilivyopata kuvitoa. Bwana Rashidi alisimama kando ya ile fotokopi akiomba, kwa sauti, imeze karatasi. Siku hiyo haikuwa na mvua.

Watu waliondoka. Walipanda magari na magodoro yao na watoto wao, na wengi wao walikuwa watu niliowachapia kadi za ndoa. Sisi tuliobaki tuliona haya, hata tusio na kosa. Hoteli zikafunga milango, na bawabu wa mlango uliofungwa hana kazi, kwa hiyo besi waliondoka wote. Barasa alipita dukani kuaga, akanunua bahasha ambayo hakuihitaji. Kwaya ilibaki wanawake wachache na vijana wa sauti ya tatu. Mwalimu Lihanda alibaki kwa sababu, alisema, mashuka hayakimbii.

Mwaka uliofuata jengo jipya la kanisa, lililokuwa likijengwa kwa kusuasua, lilikamilika na stima yake, na Askofu akakubali kuja kuliweka wakfu. Mwenyekiti Gideoni akaitisha kikao, na Mwalimu alitoka kwenye kikao hicho akaja moja kwa moja kwenye kaunta yangu.

"Dada Mejumaa, wanataka kuivunja kwaya."

"Kwa nini tena, Mwalimu?"

"Mwenyekiti amenunua kinanda cha stima. Anasema kina ngoma ndani, kina tarumbeta ndani, na hakiendi likizo. Anasema kwaya isiyo na besi ni aibu mbele ya Askofu." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Nimemwomba siku hiyo moja. Nimemwambia nitawaleta besi. Wasipokuja, au wakija wakaharibu, basi kinanda."

"Watakuja kweli?"

"Nimetunga wimbo. Nitawapelekea. Wakiujifunza huko waliko, watakuja. Wasipoujifunza nitajua kwamba hawarudi tena, siku hiyo wala siku nyingine."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba karatasi nitakayochapa itakuwa barua ya mwaliko, ila imeandikwa kwa d, r, m. Kwa mara ya kwanza niliivunja kanuni ya Bwana Rashidi. Nilielewa ninachochapa.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa polepole, na besi zake zilikuwa chini sana, chini kabisa, kama hatua za mtu anayetembea sakafuni katika nyumba tulivu. Niliuandika, nikaiambia mashine isome ukunda, ukatoka kurasa mbili zenye weupe wake. Mwalimu alisahihisha kila herufi, akaondoka kwenda kazini akiwa na furaha.

Mwenyekiti alikuja baadaye. Yeye ndiye aliyegharimia karatasi na kupeleka vifurushi, na alikuwa na salamu zake.

"Hapa katikati ya mistari pana nini?"

"Hapana kitu, Bwana Mwenyekiti. Ni nafasi."

"Naona. Ninanunua karatasi ili nipeleke nafasi Kakamega?"

Akatoa salamu zake. Kulikuwa na salamu za Mwenyekiti, za makamu wa Mwenyekiti, za kamati ya ujenzi, za kamati ndogo ya kamati ya ujenzi, na za hoteli iliyotoa misumari. Alitaka zote zikae juu ya wimbo, ndani ya fremu yenye maua, na wimbo wenyewe uingie ukurasa mmoja.

"Mwalimu ameshausahihisha hivi ulivyo," nikamwambia. "Nikiubana, nadhani ni vizuri auone tena."

"Je, herufi zitabadilika?"

"Herufi hazitabadilika."

"Basi aone nini?"

Nikamtazama Bwana Rashidi. Bwana Rashidi akaitazama feni. Kompyuta ilikuwa ya kanisa, na kanisa lilikuwa limesimama mbele yangu limevaa tai. Nikafungua ukunda, nikaipunguza nafasi, nikaamuru, nikaipunguza tena, mpaka salamu zikaenea na sauti nne zikalaliana kama wageni wa matanga katika mkeka mmoja. Mwenyekiti alibeba nakala zote, zikaenda Mombasa, zikapanda mabasi ya kwenda bara. Vijana wa sauti ya tatu na wanawake hawakuzihitaji, kwa kuwa Mwalimu aliwafundisha kwa mdomo wake. Yeye mwenyewe hakuhitaji karatasi; wimbo ulikuwa wake. Hivyo hapana mtu Ukunda aliyeisoma.

Mazoezi ya pamoja yalikuwa mara moja tu, Jumamosi alasiri, kanisani, rangi bado ikinuka. Nilialikwa kama mchapaji, nikakaa benchi la nyuma na mtandio wangu, nikala biskuti. Mwalimu Lihanda alikuwa ameingia na kutoka mlangoni mara nyingi hata wanawake wakamwambia akae, anawatia kizunguzungu. Saa ya mazoezi ikafika, ikapita. Mwenyekiti alikuwa mbele akikifuta kinanda chake kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayenoa kisu.

Kisha Barasa akaingia, na nyuma yake besi wote, na vumbi la safari mabegani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu aliwashika mikono mmoja mmoja, akapanda kwenye kisanduku chake, akainua kidole.

Wanawake wakaanza. Vijana wa sauti ya tatu wakaingia, wametulia. Kisha ikawa zamu ya besi. Barasa akapanua kifua chake kile cha mlango wa ghala, akafumba macho, na ikatoka sauti nyembamba, ya juu, iliyotetemeka, kama birika lililosahauliwa jikoni. Nilidhani ameugua. Lakini mwenziwe wa kulia naye akatoa hiyo hiyo, na wa kushoto, na wa nyuma, wanaume wazima wenye shingo nene, mishipa imewasimama, wote wakiimba juu ya sauti za wake zao. Walifika mwisho wa ubeti bila kuruka hata nota moja. Wanawake walikuwa wamejishikilia kwenye mabenchi kwa kucheka. Mwenyekiti alitabasamu na kutafuta mahali pa kuchomekea waya.

Mwalimu Lihanda peke yake hakucheka. Alishuka kwenye kisanduku.

"Barasa, nani aliwafundisha hivi?"

"Ni karatasi, Mwalimu." Barasa alikuwa akijifuta jasho. "Mimi nilisema hapana, hii si ya binadamu. Lakini karatasi ilisema juu, nikasema, Mwalimu anajua. Nilifanya mazoezi kwa shamba mpaka jirani akamwambia mke wangu anipeleke hospitali."

"Na wewe?" Mwalimu akamwuliza mwingine, aliyetoka upande mwingine kabisa wa nchi.

"Hivyo hivyo, Mwalimu. Watoto walikuwa wanakimbia."

Mwalimu akaitwaa karatasi, akaisogeza karibu na macho, nami nikaenda kutazama begani mwake. Nikaiona mara moja. Sauti ya tatu ilikuwa na vijialama vingi chini ya herufi zake, vya kuishusha. Nilipoondoa nafasi kwa ajili ya salamu, vijialama vile vilikaa sawasawa juu ya vichwa vya herufi za besi, na vile vya besi vyenyewe vikazama ndani ya maneno ya wimbo yaliyo chini yake. Kila aliyeambiwa ashuke alikuwa amemwambia jirani yake wa chini apande. Juu kabisa, ndani ya maua, kamati ndogo ya kamati ya ujenzi ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Nilitaka kusema jambo, nikaona Mwalimu ameketi kwenye kisanduku, karatasi mapajani, machozi yanamtoka bila kuyaficha.

"Mwalimu, pole," akasema Barasa. "Tutajifunza nyingine. Hata saa hizi."

"Silii kwa hilo," akasema Mwalimu. "Mtu asiyetaka kurudi angeliitupa karatasi hii siku ya kwanza."

Nami nililia, na sioni haya kuandika. Nilikumbuka vile vikaratasi vingine, na Bwana Rashidi akiiomba mashine ivimeze.

Kuwashusha besi kulichukua muda mfupi kuliko kuwapandisha. Walishuka kama watu wanaovua viatu vya kubana. Jumapili kanisa lilijaa, Askofu akapaka mafuta milango, hotuba zikawa nyingi, na kwa kuwa Mwenyekiti hakutaka hasara, kinanda kikapewa zamu ya wakati wa sadaka. Mpigaji alikodishwa kutoka bendi ya hoteli, kijana mwema, ila alijua nyimbo za hoteli tu. Alipiga ile inayopigwa kando ya bwawa wageni wanapowasili. Wahudumu wote waliokuwa mabenchini wakasimama pasi na kujua, mkono mmoja nyuma ya mgongo, wakatabasamu kuelekea mlangoni. Askofu akageuka kutazama nani anaingia.

Baada ya hapo kwaya ikasimama. Besi waliingia chini, chini kabisa, nikazihisi sauti zao kwenye ubao wa benchi kabla sijazisikia. Hapana aliyekohoa. Ila kwenye ubeti wa mwisho, mahali pa mwisho, mazoea ya shambani yalimshinda Barasa, akapanda peke yake kwenye ile sauti ya birika, akaishikilia mpaka mwisho kwa sababu hakujua namna ya kushuka. Askofu akafumba macho. Aliposimama kutoa baraka aliomba wimbo urudiwe, pamoja na ile sauti ya malaika. Basi besi wakaenda chini tena, na malaika akalazimika kupanda tena.

Katika shukrani zake Mwenyekiti alisema kwamba mafanikio ya siku hiyo yalitokana na mpangilio bora wa karatasi, ambao aliusimamia yeye mwenyewe. Watu walipiga makofi. Kwaya haikuvunjwa, na kinanda kikahamia nyumbani kwake, ambako hewa ya bahari ilikula vifungo vyake kimoja kimoja.

Nimeyaandika haya kwa sababu mtabaki na watu kama wale. Watakuja na salamu zao, na mahali penye weupe wataona hasara. Wapeni karatasi ya pili. Msiwape nafasi iliyo kati ya sauti.

Jumatatu yake, kabla sijafungua dirisha, Barasa alikuwa mlangoni. Nilijua amekuja kuaga, nikaanza kutafuta bahasha.

"Madam," akasema, "nichapie ile wimbo tena. Sauti ya kwanza na ya pili."

"Wewe ni besi, Barasa. Au umezoea juu?"

Akacheka, kisha akaacha. "Ya kwanza ni ya mke wangu. Ya pili ni ya binti yetu. Wajifunze huko, wakuje wakijua. Mimi nimepata lango lingine hapo Diani. Tunarudi sisi wote."

Nikawasha kompyuta, nikafungua ukunda, nikairudisha nafasi yake ya zamani, na Bwana Rashidi akaigeuza feni upande wangu bila kuulizwa. Karatasi ikatoka na weupe mpana katikati. Barasa akaisoma yote akiwa amesimama, akitikisa kichwa taratibu. Kisha akaikunja pale patupu, ili mkunjo usiguse herufi hata moja, akaitia mfukoni mwa shati na kwenda kutafuta basi la vifurushi.